Chypre: Chupa Isiyofaa Kutupwa

Ndugu zetu, sisi tuliolelewa kwa udi na asumini tunajua kuwa harufu ni kumbukumbu. Basi tusiharakishe kutupa chupa kuukuu ya chypre. Jina ni la Kifaransa, maana yake Saiprasi. Mwaka 1917 François Coty alitoa marashi yake Chypre. Mwaka 1919 Jacques Guerlain akafuata na Mitsouko, akiongeza harufu ya pichi. Huanza na maganda ya bergamoti, huishia kwenye utomvu wa labdanamu na kuvumwani za magome ya mwaloni. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali mbili zilizomo katika kuvumwani hizo, kwa sababu ya mzio wa ngozi. Tutie tone kwenye leso, tungoje. Bergamoti huenda imechacha; mwaloni bado upo.