Kisiwa cha Robben: Ukatili wa Karatasini

Ndani ya chumba kidogo cha jela ya kisiwa hiki, Nelson Mandela alilala juu ya mkeka sakafuni, ndoo ya choo ikiwa pembeni. Alikaa kisiwani kuanzia 1964 hadi 1982, miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake.

Mchana, kazi ilikuwa kuchimba chokaa. Mng'ao wa mawe meupe uliwaharibu wafungwa macho, na miwani ya jua waliidai kwa miaka kabla ya kuruhusiwa.

Lakini ukatili mwingine haukuhitaji sururu wala kiboko. Uliandikwa kwenye orodha za mgawo. Ahmed Kathrada, mwenye asili ya Kihindi, alipewa suruali ndefu. Mandela na Walter Sisulu, Waafrika weusi waliohukumiwa naye katika kesi moja, walipewa kaptula, baridi ya Atlantiki iume isiume. Kathrada alipata mkate, wao hawakupata. Inatisha kufikiri kwamba kuna karani aliyekaa mezani, kwa utulivu kabisa, akapima sukari kwa rangi ya ngozi.

Kisiwa kilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1997. Wanaowatembeza wageni ndani ya jela ni pamoja na watu waliofungwa humu humu.