Mtungi wa Bibi na Mashine ya Brooklyn

Februari mwaka jana, joto la Dar es Salaam liliponishinda, nilinunua feni ya maji. Hela ya kiyoyozi sikuwa nayo, na muuzaji aliniapia kwamba ni kitu kilekile, ila hiki hakili umeme. Nikajaza tangi, nikafunga madirisha, nikalala. Asubuhi shuka zina unyevu, na kurasa za muswada niliokuwa nauhariri zimejikunja. Joto lilikuwa palepale.

Nilidhani nimeuziwa mbovu. Kumbe kosa langu lina historia, na historia yenyewe inaanza na karatasi.

Mwaka 1902, kiwanda cha uchapaji cha Sackett & Wilhelms huko Brooklyn, New York, kilikuwa na tatizo kama langu. Picha za rangi zilichapwa rangi moja baada ya nyingine. Hewa ikiwa na unyevu karatasi hutanuka, ikikauka husinyaa, kwa hiyo rangi ya pili ilikuwa haikai sawasawa juu ya ya kwanza. Mhandisi Willis Carrier, kijana wa miaka 25, akapewa kazi ya kuudhibiti unyevu huo. Alipitisha hewa kwenye mabomba ya baridi, mvuke ukageuka matone, hewa ikatoka kavu zaidi. Yaani mashine ile ilibuniwa kwa ajili ya karatasi. Starehe ya watu ilikuja baadaye.

Njia ya pili ni ya kale mno, nami niliikuta kwa bibi yangu Dodoma: mtungi. Maji hupenya kwenye udongo, yakifika nje hugeuka mvuke, na yanapoondoka huondoka na joto. Feni ya maji ni mtungi uliofungwa mota. Carrier alitoa maji hewani, mtungi unayaongeza.

Watu wa Phoenix, Arizona, waliujua uzuri wa njia hii. Miaka ya 1930 walijitengenezea visanduku vyenye feni na nyuzi za mbao zilizoloweshwa maji. Jangwani vilifanya kazi vizuri, mpaka mvua za Julai na Agosti zilipoleta unyevu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viyoyozi vilipoanza kushikika bei, wengi wakahamia huko, na bili za umeme zikapanda.

Sasa, Dar ni Agosti ya Phoenix karibu mwaka mzima. Hewa imeshashiba maji, ukiiongezea haipokei. Dodoma kiangazi kikikaza, hewa ina kiu.

Basi feni nimempelekea mama Dodoma, kwa sharti moja: aache dirisha wazi, hewa yenye unyevu ipate pa kutokea. Oktoba akanipigia simu: "Mwanangu, jana nimejifunika shuka."

Mimi huku bado nadunduliza hela ya kiyoyozi. Muswada nimeuhamishia ofisini, penye mashine ya Carrier. Angalau karatasi zimepata haki yao.