Mapatano ya Mkubwa na Mdogo

Wasikilizaji, tangu zamani za kale wafalme wenye nguvu wamefanya mapatano na watawala wadogo. Leo nitawaeleza habari za mapatano mawili ya namna hiyo: ya kwanza ni ya nchi ya mbali, ya pili ni ya Usagara, katika njia itokayo pwani kuja Mpwapwa na Ugogo.

Wasomaji wa Biblia walijua jina la Wahiti. Ufalme wao ulikuwa katika nchi iitwayo sasa Uturuki, na mji wao mkuu ulikuwa Hattusa. Tangu mwaka 1906 wachimbuaji walifukua huko maelfu ya vibao vya udongo vyenye maandishi, na baadhi yake ni nyaraka za mapatano. Waraka mmoja ni wa mfalme Muwatalli na Alaksandu, mtawala wa nchi ndogo ya Wilusa, wa karne ya 13 kabla ya Kristo.

Hawa wawili hawakuwa sawa. Alaksandu aliagizwa kupeleka askari wakati wa vita. Naye mfalme mkuu aliahidi kumlinda. Waraka ulisimulia jinsi nchi hizo zilivyohusiana tangu enzi za mababu, na miungu ikaitwa iwe mashahidi. Tena iliamriwa kwamba waraka ule usomwe mbele ya Alaksandu mara tatu kila mwaka. Basi, ingawa alikuwa mdogo, alijua amefungwa kwa neno gani, na mkubwa wake kwa neno gani.

Sasa tuje kwetu. Watu wa bara hawakuwa wageni wa mapatano. Misafara ilipopita Ugogo iliwapa watemi hongo ya nguo na shanga, ipate ruhusa ya njia na maji. Mwaka 1871 Stanley naye alitoa hongo alipopita Mvumi. Watu walishindana kwa maneno, wakiongeza na kupunguza, hata kila upande ukajua unatoa nini na kupata nini. Mgeni alipewa njia, hakupewa nchi.

Mwezi wa Novemba 1884 Karl Peters, Mdachi, alivuka kutoka Unguja pamoja na wenzake, akaingia bara kwa njia ya Saadani. Tarehe 29 alikuwa Msovero, Usagara, kwa Mangungo. Karatasi iliyotiwa alama siku ile yasema kwamba Mangungo ametoa nchi yake na haki zake zote kwa Wadachi, daima. Iliandikwa kwa Kidachi, lugha asiyoijua Mangungo. Yasema pia kwamba alielezwa wazi na mkalimani, Ramazani. Lakini mkalimani huyo alikuwa mtu wa Peters. Je, mtawala aliyezoea kupokea zawadi za wapita njia angewezaje kudhani kwamba safari hii zawadi zimenunua nchi ya babu zake?

Karatasi hiyo na nyingine za namna yake zikapelekwa Ulaya. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya kuziweka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami chini ya ulinzi wake. Seyyid Barghash wa Unguja alikataa. Lakini mwezi wa Agosti manowari za Kidachi zikasimama mbele ya mji wake, akakubali. Baadaye kampani ya Wadachi ikaweka kituo Mpwapwa, na mwaka 1889 watu wa Abushiri wakakishambulia. Neno lililoandikwa kwa wino likajibiwa kwa risasi.

Alaksandu hakuwa huru kuliko Mangungo, maana nyuma ya waraka wake pia palikuwa na jeshi. Lakini yeye alisomewa sharti lake tena na tena. Mangungo alitia alama katika maneno asiyoweza kuyapima. Kwa hiyo, wewe ujuaye kusoma, karatasi ya shamba au ya ardhi ya kijiji iletwapo, isome kwa sauti, wazee wote wasikie, na kwa lugha waijuayo. Wakitaka kusikia mara ya tatu, wasomee mara ya tatu. Kuuliza si ujinga.