Walioacha dini wakabaki na utu

Mara ya mwisho karani wa sensa kumuuliza Mtanzania dini yake ilikuwa mwaka 1967. Majibu yalionyesha taifa lenye mafungu matatu yasiyopishana sana: Wakristo, Waislamu na waliobaki na imani za mababu. Baada ya hapo swali likaondolewa. Kijana wa Gwarama aliyebatizwa, akapewa kipaimara, kisha akiwa mtu mzima akaacha kusali kwa hiari yake, hana dodoso linalomhesabu. Kenya bado inauliza, na katika sensa ya 2019 watu 755,750 walijibu kwamba hawana dini.

Gwarama ni kata ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo, katika nchi ya Buyungu, mojawapo ya tawala za kale za Waha. Huko watu walimjua Imana, Muumba, wakatambikia mizimu ya wazee wao. Dini ya aina hiyo haikuwa na mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Mtu alizaliwa nayo kama alivyozaliwa na ukoo. Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwaka 1879, lakini Kigoma ilipata vikarieti yake mwaka 1946, chini ya Askofu Jan van Sambeek, Mholanzi aliyeandika pia kuhusu imani na mila za Waha.

Kwa hiyo kuacha dini si jambo geni Uha. Babu aliyekubali maji ya ubatizo na kukataa tambiko aliwaudhi wazee wa ukoo wake, akaambiwa amewatupa mababu. Mjukuu anayeacha misa leo anasikia lawama ileile kutoka upande wa pili. Tofauti ni kwamba babu alipotoka alikuwa na pa kwenda: parokia, shule, zahanati, wimbo wa kumzika. Mjukuu anatoka bila mwenyeji wa kumpokea.

Falsafa ya utu ambayo wengi wa aina yake huishia kuishika, ya kuishi kwa akili na huruma bila kutegemea Mungu, ilipata chombo chake cha kimataifa Amsterdam mwaka 1952. Mkutano wa kukianzisha uliongozwa na Julian Huxley, mwanabiolojia Mwingereza aliyewahi kuizunguka Afrika Mashariki mwaka 1929 kwa kazi ya kamati ya elimu ya serikali ya kikoloni. Tamko la Amsterdam la chombo hicho, lililofanyiwa marekebisho mara ya mwisho mwaka 2022, linasema kwa ufupi kwamba maadili ni kazi ya binadamu wenyewe, na kwamba kila mtu ana thamani na haki ya kuwa huru.

Viongozi wetu walikuwa na utu wa namna yao. Mwaka 1967 Kenneth Kaunda aliipa Zambia falsafa yenye jina hilohilo la utu, ila yeye, mtoto wa mchungaji, alimweka Mungu ndani yake. Mwaka huohuo Azimio la Arusha lilitanguliza usawa wa binadamu, likiwa chini ya Nyerere, Mkatoliki wa misa za alfajiri aliyeshikilia kwamba serikali haina dini. Katiba inasema hivyo katika Ibara ya 3, na Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Aliyetamka shaka yenyewe waziwazi alikuwa mwandishi: Euphrase Kezilahabi, aliyepita seminari, katika riwaya ya *Kichwamaji* ya mwaka 1974 alimuumba Kazimoto, msomi aliyeshindwa kuona maana ya maisha wala mkono wa Mungu ndani yake.

Majirani walikwenda mbali zaidi. Kampala ilipokea mkutano wa kimataifa wa wafuasi wa falsafa hii mwaka 2004, na mwaka 2011 Robert Bwambale akafungua shule ya msingi ya mkondo huo Kasese. Kenya ilisajili chama cha wasioamini Februari 2016. Miezi miwili baadaye Mwanasheria Mkuu Githu Muigai akausimamisha usajili. Mwaka 2021 katibu wa chama hicho akajiuzulu na kutangaza amempata Yesu, na waumini wakakumbushana kuwa ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Tanzania nayo ina kikundi cha Jichojipya.

Kwa mtu wa Uha, jaribio gumu la falsafa hii liko kwenye uchawi. Waganga wazunguka vijiji wajulikanao kama Kamchape, ambao jina na desturi yao vinatokana na vuguvugu la Mchape lililovuma Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland miaka ya 1930, bado huitwa na wanakijiji kuja kuwaumbua wachawi. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, Kasulu, watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi. Polisi iliwakamata watu 23, mganga akiwamo. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na padri na shehe hukemea mauaji hayo. Lakini anayekemea huku akikiri kuwa wachawi wapo anamwachia mwenye hasira nusu ya hoja. Asiyeamini uchawi kabisa huuliza swali jingine: mtoto alikufa kwa malaria, nimonia au nini? Hapo kutoamini kunaweza kuokoa maisha ya bibi wa jirani.

Mbona basi wanaojitokeza ni wachache? Sababu kubwa ni msiba. Mkatoliki asiyehudhuria jumuiya ndogondogo anajua kinachoweza kumkuta: katekista akatae kuja, na wafiwa wabaki wakitazamana kaburini. Kituo cha polisi, maelezo yanaanza kwa jina, umri, kabila, dini. Mahakamani, asiye Mkristo wala Mwislamu huandikwa mpagani, hata kama ana shahada na hajawahi kutambika. Wengi huona ni nafuu kutaja dini ya utotoni na kuendelea na safari.

Ukichunguza, sheria imeshafungua njia karibu yote. Cheti cha kuzaliwa hakihitaji ubatizo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali, inayofungwa kwa mkuu wa wilaya. Hakuna sheria inayodai padri wala shehe kaburini. Kinachokosekana Gwarama ni majirani watakaobeba jeneza la asiye na dini, wakamtaja kwa aliyoyatenda, wakachangia unga na maharage ya matanga kama kawaida. Utu ukikubali kufanya hivyo, utakuwa umevuka mtihani ambao Amsterdam haikuwahi kuutunga.