Msonge na Nyumba Ndefu: Umbo, Jua na Udongo katika Maniema

Wanaohimiza nyumba za duara zisizotumia nishati nyingi wana hoja inayovutia haraka: tujenge misonge kama mababu, tuokoe matofali na kuni, tulale kwenye ubaridi. Sehemu ya hoja hiyo ina hesabu ya kweli. Lakini ikiletwa Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema nchini Kongo, inawapa mababu wa hapa kazi wasiyoifanya. Hawa walikuwa wajenzi wa nyumba za pembe nne.

Ushahidi wa zamani ulioandikwa tunao. David Livingstone aliingia nchi hii Septemba 1869, akakaa Bambarre, ambayo ni Kabambare ya leo, na mwaka 1871 akafika Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Katika shajara zake, zilizochapishwa 1874 baada ya kifo chake, anaeleza nyumba za mraba zenye kuta za udongo ulioshindiliwa hadi ukawa mgumu, na mapaa ya majani yaliyoshuka chini kuzikinga kuta na mvua. Anaeleza pia kwamba njia za vijiji zilielekezwa mashariki hadi magharibi, ili jua lipite juu yake mchana kutwa na kukausha unyevu.

Hapo inafaa kutulia kidogo, kwa sababu mpango huo una faida ambayo Livingstone hakuitaja. Nyumba iliyolala sambamba na njia ya namna hiyo huzielekeza kuta zake ndefu kaskazini na kusini. Kindu iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na saa sita mchana jua huwa juu sana angani mwaka mzima. Upenu wa kadiri unatosha kuutia kivuli ukuta wa kaskazini na wa kusini. Ukuta unaoteseka ni wa mashariki na wa magharibi, unaopigwa na jua la chini ambalo upenu hauwezi kulizuia. Katika nyumba ndefu iliyolazwa vizuri, kuta hizo mbili ndizo fupi kuliko zote. Wahandisi wa leo hufundisha kanuni hiyohiyo wanapozungumzia majengo ya nchi za joto, na vijiji vya Wamanyema vilikuwa tayari vimeilalia.

Walega wa msituni nao walijenga nyumba za pembe nne, zikipangwa safu mbili zinazotazamana. Duara msituni lilikuwepo, lakini kwa kazi nyingine. Wambuti wa Ituri huinamisha fito hadi ziwe kuba, kisha wanawake, ambao ndio wajenzi, huzifunika kwa majani mapana ya mongongo. Ni makao ya kambi: husimama haraka na huachwa wakati wa kuhama ukifika.

Msonge wenyewe una nchi yake. Ukiondoka bonde la Lualaba na kupanda mashariki, hewa inapoa, na zamani duara ndilo lililotawala: Bushi (karibu na Bukavu), Rwanda, Buhaya upande wa Bukoba, Buganda. Huko jiko liliwaka ndani, nyasi nene zilihifadhi joto, na ukuta mfupi wa mviringo uliliachia njia chache za kutoka. Kilele cha ufundi huo ni Muzibu-Azaala-Mpanga pale Kasubi, Kampala, uliojengwa mwaka 1882 na Kabaka Muteesa I, naye akazikwa humo 1884. Upana wake kwa nje ni mita 31. UNESCO iliyaingiza makaburi ya Kasubi katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Machi 2010 nyumba hiyo ikaungua, na mafundi wa kuezeka wakaanza kuijenga upya. Aliyesikitikia moto ule anajua kwamba majani na matete yanaweza kubeba hadhi ya dola nzima.

Maniema ilichukua njia nyingine, na historia ikazidi kuikaza. Tippu Tip, mfanyabiashara kutoka Zanzibar, alifika Kasongo mwaka 1875, na pamoja na msafara wa Waungwana ukaja mtindo wa pwani: nyumba ya mstatili ya miti na udongo, yenye baraza mbele ya mlango. Wenyeji wa hapa hawakuona umbo geni. Mwaka 1893 majeshi ya Wabelgiji yalitwaa Nyangwe na Kasongo, na mwishoni mwa 1910 reli ya kampuni ya CFL iliyoanzia Kindu ikafika Kongolo. Baada ya reli, mabati na saruji vilipata njia. Miaka ya 1930 kampuni ya Symétain ilichimba madini ya bati Kalima na Punia, na kambi za wafanyakazi zikapangwa kwa mistari iliyonyooka. Tangu hapo heshima ya mwenye nyumba imepimwa kwa tofali la kuchoma na bati.

Heshima hiyo ina gharama. Tanuri la matofali hula kuni kwa siku kadhaa mfululizo, na msitu unaolilisha unazidi kusogea mbali na mji. Saruji husafiri kwa reli kutoka kusini, au hupanda mto kutoka Ubundu, na bei yake ikifika sokoni Kindu imekwisha kubeba safari yote hiyo. Halafu bati lisilo na dari huwamwagia walio chini yake joto la adhuhuri.

Basi duara linasaidia wapi? Chukua sakafu ya mita za mraba 36. Nyumba ya mita 4 kwa 9 inahitaji ukuta wa mita 26 kwa mzunguko. Ya mraba, mita 24. Ya duara, mita 21 na kidogo. Hiyo ni akiba halisi ya udongo na ya siku za kazi, na ukuta usio na pembe hauna pembe za kupasuka. Mafundi wa nchi nyingine wamelitumia vizuri. Nader Khalili, aliyezaliwa Iran, alijenga California makuba ya mifuko iliyojazwa udongo. Lakini ukuta wa duara hauna upande wa kuchagua: asubuhi nusu yake inapigwa na jua, jioni nusu ya pili. Bati nalo, likikatwa pembetatu ili kufunika paa lenye umbo la pia, huacha vipande vingi vya kutupa. Akiba ya ukutani inaweza kuishia juu ya kenchi.

Kwa hiyo kwa nyumba ya kulala Kindu, mimi natetea nyumba ndefu, ilazwe mashariki hadi magharibi hata kama parseli inashawishi vinginevyo. Kuta ziwe za tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini bila kuni. Mashine ya aina hiyo, CINVA-Ram, ilibuniwa Kolombia miaka ya 1950 na haihitaji umeme. Kwa kuwa hapa mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, msingi uwe wa mawe, na upenu utokeze karibu mita nzima. Chini ya bati iwekwe dari ya matete au mkeka, na hewa iachiwe nafasi ya kupita kati ya dari na bati.

Duara libaki mahali linapofanya kazi vizuri: kwenye payote, banda la wazi lisilo na kuta ambamo watu hukaa, hula na kuamua mambo. Pale kivuli na upepo ndivyo vinavyotakiwa, na paa la majani linakubali umbo la pia kwa urahisi. Shule na zahanati zinazohitaji mahali pa kusubiria zinaweza kulijenga bila mfuko hata mmoja wa saruji, mradi apatikane fundi anayejua kuchagua na kupanga majani. Mafundi hao wengi ni wazee, na idara za ujenzi katika vyuo vya Kindu zingefanya vyema kuwaita wafundishe wakiwa bado na nguvu za kupanda paani.