Vichochoro vya Yerusalemu

Kila Jumapili ya Mitende tunasoma habari za Bwana Yesu akiingia Yerusalemu juu ya mwanapunda, na wengi wetu tunakomea kwenye shangwe na matawi. Luka hakomei hapo. Katika sura ya 19 anaeleza kwamba Yesu alipoukaribia mji na kuutazama, alilia. Aliona adui wakiuzingira pande zote, akaona wakazi wake wakiangushwa pamoja na kuta zao. Miaka 40 hivi baadaye, mwaka 70, mambo hayo yakatokea, na mahubiri mengi niliyoyasikia huyamaliza kwa sentensi moja: Wayahudi walimkataa Masihi, Mungu akawalipa. Sentensi hiyo ni ya zamani. Askofu Eusebius wa Kaisaria aliiandika kwa namna yake katika karne ya 4, na tangu hapo kizazi kimekuwa kikikirithisha kizazi. Mimi naona haiwezi kusimama mbele ya historia ya vita ile, wala mbele ya Injili ya Luka yenyewe. Kwa hiyo nawaomba, wapendwa, tuingie katika mji ule tuone ni nani aliyekuwa akipigana na ni nani aliyekuwa akifa.

Tangu mwaka 6, ukiacha miaka michache ya mfalme Agripa, Uyahudi ilitawaliwa na maliwali wa Rumi. Pilato tunamjua. Waliomfuata hawakuwa bora, na wa mwisho wao, Gessius Florus, ndiye aliyemwagia moto mafuta. Mwaka 66 alichota talanta 17 kutoka hazina ya Hekalu. Watu wakamdhihaki kwa kupitisha kikapu mitaani kana kwamba wanamchangia maskini. Florus akalipa dhihaka hiyo kwa kuwaachia askari wake soko la mji wa juu, wakapora na kuua.

Hapo uvumilivu ukakatika. Makuhani wakasimamisha dhabihu iliyokuwa ikitolewa kwa ajili ya Kaisari. Waasi wakachoma jengo la kumbukumbu lililohifadhi hati za madeni, na hili tulizingatie, kwa sababu linaonyesha kwamba hasira ya maskini wa Yerusalemu ilikuwa juu ya matajiri wa taifa lao karibu sawa na ilivyokuwa juu ya Rumi. Kikosi cha Kirumi kilichozingirwa katika minara ya mji kikaomba amani, kikaahidiwa usalama, kikaweka silaha chini. Kisha askari hao wakachinjwa, tena siku ya Sabato. Cestius Gallus, liwali wa Shamu, akaja na jeshi kuuzima uasi, akaufikia mji, akarudi nyuma bila sababu inayoeleweka vizuri hadi leo. Waasi wakamfuata katika mteremko wa Beth-horoni na kuua zaidi ya askari 5,000. Ushindi ule uliwalevya. Tangu siku hiyo mtu aliyezungumzia mapatano alionekana msaliti.

Karibu yote tunayoyajua kuhusu vita hii yametoka kwa Josephus, kuhani wa Kiyahudi aliyekuwa jemadari wa waasi Galilaya, akajisalimisha mwaka 67, na baadaye akaandika akiwa Rumi, akitunzwa na familia ya Kaisari. Tumsome kwa tahadhari. Anapenda kuwaita waasi wanyang'anyi, na anapenda kumwonyesha Titus kuwa mtu wa huruma. Hata hivyo alikuwepo. Wakati wa mazingira alizunguka nje ya kuta akiwasihi ndugu zake kwa lugha yao wajisalimishe, hadi jiwe likampiga kichwani.

Rumi haikuja haraka. Vespasian aliitwaa Galilaya mwaka 67, lakini Nero alipokufa mwaka 68 dola nzima ilitikisika, na Yerusalemu ikapata nafasi ya kupumua. Ilitumiaje nafasi hiyo? Makundi yenye silaha yaligawana mji. Anano, kuhani mkuu yule yule aliyemhukumu Yakobo ndugu wa Bwana mwaka 62, alijaribu kuwazuia Wazelote akauawa. Hatimaye Eleazari mwana wa Simoni akashika ua wa ndani wa Hekalu, Yohana wa Gischala akashika ua wa nje, na Simoni mwana wa Giora akashika sehemu kubwa ya mji. Walirushiana mishale na mawe juu ya vichwa vya watu waliokuja kutoa sadaka, na wengine waliangukia penye madhabahu. Katika mapigano hayo wakachoma maghala ya nafaka, kila kundi likitaka kumnyima mwenzake. Josephus anasema chakula kile kingetosha kwa miaka mingi. Tacitus, Mrumi, anataja nafaka iliyoteketezwa, na marabi nao wakaikumbuka katika Talmudi. Mashahidi watatu wasiopendana wanakubaliana juu ya jambo hili moja.

Titus, mwana wa Vespasian, alifika na legioni nne muda mfupi kabla ya Pasaka ya mwaka 70. Mji ulikuwa umejaa mahujaji waliokuja kula sikukuu na jamaa zao, wasio na sehemu katika ugomvi wa yeyote. Milango ikafungwa nao wakiwa ndani.

Yerusalemu ilikuwa na kuta tatu upande wa kaskazini. Ukuta wa nje ulibomolewa siku ya 15, wa pili siku chache baadaye. Titus akaingia na askari 1,000 katika mtaa wa wauza sufu, wafua shaba na soko la nguo. Njia zake zilikuwa vichochoro vyembamba vinavyopinda kuelekea ukutani. Titus alikataza nyumba zisichomwe wala tundu la ukutani lisipanuliwe, akitumaini, kwa maelezo ya Josephus, kwamba watu wangejisalimisha. Ilikuwa kosa. Waasi waliijua kila kona. Waliwashambulia Warumi kutoka vichochoroni, kutoka madirishani na kutoka juu ya dari, na jeshi lililozoea kupigana kwa mistari uwandani likajikuta limesongamana bila nafasi ya kugeuka, na tundu la kutokea likiwa dogo kwa watu wengi kiasi kile. Titus mwenyewe alilazimika kupanga wapiga mishale mwisho wa vichochoro ili watu wake watoke. Waasi walishangilia, wakalilinda tundu lile kwa siku tatu. Siku ya nne Warumi walirudi, na safari hii hawakuacha ukuta ule usimame.

Josephus anataja mtaa, biashara zake na majina ya majemadari, lakini hasemi wauza sufu walikwenda wapi.

Baada ya hapo Titus aliacha kutegemea upanga peke yake. Kwa siku tatu askari wake walijenga ukuta kuuzunguka mji wote, urefu wa kilomita 7 hivi, wenye ngome 13. Miti ya nchi ilikatwa kwa umbali wa kilomita 16 hivi kila upande. Njaa ikaingia kazini. Wenye silaha walipita nyumba hadi nyumba wakitafuta chakula, na mlango uliofungwa ulitosha kuwa ushahidi kwamba ndani watu wanakula. Maskini waliotoroka usiku kuchuma mboga za porini walikamatwa na Warumi, wakasulubiwa mbele ya kuta, siku nyingine 500 au zaidi, hadi nafasi na miti ya misalaba ikakosekana. Wengine walimeza sarafu zao za dhahabu kabla ya kutoroka. Siri hiyo ilipojulikana, askari wa msaada waliwapasua matumbo kuzitafuta. Aliyebaki ndani aliuawa na njaa au na ndugu yake, aliyetoka aliuawa na Mrumi.

Kulikuwa na mkulima mmoja aliyeitwa Yesu mwana wa Anania. Miaka minne kabla ya vita, katika Sikukuu ya Vibanda, alianza kutembea mitaani akiulilia mji ole wake. Wakubwa wa mji walimpiga. Liwali Albinus akaamuru achapwe hadi mifupa ikaonekana, naye hakuomba rehema wala hakumlaani aliyempiga. Kisha wakamwachilia kama mwenda wazimu. Alilia hivyo kwa zaidi ya miaka saba, mpaka siku moja akiwa juu ya ukuta jiwe la mtambo wa Kirumi likamwua.

Mwisho ulikuja polepole. Yohana alichimba njia chini kwa chini hadi chini ya matuta ya Warumi karibu na ngome ya Antonia, akaijaza kuni zilizopakwa lami, akaziwasha, na matuta yakadidimia pamoja na mitambo yake. Lakini njia ile ile ikadhoofisha ukuta wa waasi wenyewe, ukaporomoka usiku. Katikati ya mwezi wa Tamuzi sadaka ya kila siku ilikoma Hekaluni. Mwezi Agosti Hekalu likaungua. Josephus anadai Titus alitaka kuliokoa na kwamba askari mmoja alirusha kijinga cha moto dirishani bila amri. Sulpicius Severus, mwandishi Mkristo wa baadaye, anasema Titus ndiye aliyetaka liteketezwe. Kwangu habari hii ya pili ni rahisi zaidi kuiamini, kwa kuwa Josephus alikuwa akila mkate wa Titus. Mji wa juu ulisimama mwezi mmoja zaidi. Simoni alikamatwa, akapelekwa Rumi na kuuawa katika maandamano ya ushindi mwaka 71. Yohana alifungwa maisha. Tao la Titus lililoko Rumi bado linaonyesha askari wakibeba kinara cha taa cha Hekalu.

Josephus anahesabu waliokufa kuwa 1,100,000, namba ambayo wanahistoria wengi hawaikubali, na mateka wa vita yote kuwa 97,000. Lakini anaongeza neno lenye uzito kuliko namba: wengi wa waliokufa hawakuwa wenyeji, bali wageni wa Pasaka.

Sasa turudi kwenye ile sentensi. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 70 hakuwa amezaliwa Bwana aliposulubiwa. Hujaji aliyetoka mbali hakuwa barazani kwa Pilato, wala baba yake hakuwapo. Kama hii ni adhabu ya Mungu kwa ajili ya Ijumaa ile, iliwaangukia wasiokuwapo. Ndiyo, Luka anasema mji haukutambua wakati wa kujiliwa kwake, na hilo hatuwezi kulifuta. Lakini tumwangalie anayesema na namna anavyosema. Analia. Katika sura ya 21 anapoueleza mji uliozingirwa na majeshi, anawaambia watu wakimbie, na wanaomtia uchungu ni wenye mimba na wanaonyonyesha. Katika sura ya 23, akiwa njiani kuelekea msalabani, anawageukia akina mama wa Yerusalemu na kuwaonea huruma kwa ajili ya watoto wao. Watoto hao ndio watu wazima wa mwaka 70. Yesu aliwaona watu wa vichochoroni miaka 40 kabla, akawalilia, na Kanisa lake likaja likasema wamestahili. Kutoka katika kauli hiyo yalizaliwa mabaya mengi yaliyotendwa na Wakristo dhidi ya Wayahudi huko Ulaya kwa karne nyingi.

Eusebius huyo huyo anasimulia kwamba Wakristo wa Yerusalemu walionywa wakahamia Pela, ng'ambo ya Yordani, kabla ya mazingira. Wako wanahistoria wanaoitilia shaka habari hiyo. Kama ni kweli, ina maana kwamba waumini wa kwanza waliyasoma maneno ya Bwana kama agizo la kuokoa roho za watu. Hawakubeba upanga upande wowote.

Mwaka 1970 mwanaakiolojia Nahman Avigad alifukua nyumba iliyoungua katika mji wa juu. Ndani yake kulikuwa na masizi, vyungu vilivyopasuka kwa joto, na jiwe la mizani lenye jina la Bar Kathros, familia ya makuhani wakuu. Mkuki ulikuwa umeegemezwa pembeni mwa chumba. Jikoni, karibu na ngazi, ilipatikana mifupa ya mkono wa mwanamke kijana. Hakuna ajuaye kama alikuwa binti wa nyumba ile, au mtumishi, au mgeni aliyekuja kula Pasaka.