Dirisha la Shilingi Kumi

Mwaka 2004 Wizara ya Afya ilipanga bei mbili kwa nchi nzima: shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya, basi. Watoto wa chini ya miaka 5 hawakutakiwa kutoa kitu. Kwa Nairobi hiyo ilikuwa habari ya siku moja gazetini. Kwa Timau, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambako barabara itokayo Nanyuki hupita kati ya mashamba ya ngano na nyumba za plastiki za maua kabla ya kuteremka kuelekea Isiolo na Meru, sera hiyo ilikuwa na sura ya mtu. Alikuwa muuguzi wa zamu. Yeye ndiye aliyepokea sarafu, akaandika risiti, akampima mgonjwa, akamdunga mtoto chanjo, na jioni akahesabu dawa zilizosalia kabatini.

Watafiti walipozunguka nchini baadaye kuangalia kama agizo linafuatwa, walikuta vituo vingi vinatoza zaidi. Ni rahisi kuwalaumu wauguzi. Lakini piga hesabu kidogo: zahanati iliyokuwa ikimlipa mlinzi, ikinunua gesi ya friji ya chanjo na sabuni ya kunawia kwa ada za wagonjwa, iliambiwa ipunguze ada hizo bila kuletewa cha kuziba pengo. Muuguzi aliachwa na njia mbili, kuvunja agizo au kufunga mlango. Wengi walivunja agizo. Mimi nalihesabu hilo kuwa tendo la kisiasa, hata kama aliyelitenda alikuwa akitafuta tu hela ya sabuni.

Muuguzi alifikaje kwenye dirisha hilo, akiwa na mzigo wa kutekeleza sera ambayo hakuulizwa ilipotungwa? Jibu linaanza kabla ya Uhuru, na Meru imo ndani yake kwa kina.

Timau yenyewe ilichelewa kuingia katika habari hii. Enzi za ukoloni hapa palikuwa pa walowezi, nchi ya ngano na kondoo, na Mwafrika aliyeishi hapa aliishi kama kibarua. Hospitali za misheni zilijengwa upande wa pili wa mlima na kwenye milima ya Nyambene, kulikokuwa na watu wengi: Wamethodisti Maua, Wakatoliki wa Consolata Nkubu, na kabla yao Wapresbiteri wa Scotland kule Chogoria, ambako Dkt. Clive Irvine alifika mwaka 1922. (Chogoria leo iko Tharaka-Nithi, lakini siku zile yote ilikuwa Meru.) Ni katika hospitali kama hizo ambako mabinti wa Kimeru walifundishwa uuguzi na ukunga.

Kufikia miaka ya 1930 mabinti hao walikuwa wamezua mzozo. Kwa desturi, kuzalisha ilikuwa kazi ya wanawake wazima waliokwisha kuzaa, na elimu hiyo ilikuwa sehemu ya heshima na mamlaka yao. Sasa wasichana wa shule, ambao hawajaolewa, walisimama mbele ya mama mwenye uchungu na kumwelekeza la kufanya. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyechunguza siasa za uzazi katika Meru ya kikoloni, anaonyesha jinsi suala hilo lilivyowagusa wamisheni, maafisa wa serikali, wazee na akina mama wenyewe. Wakoloni nao hawakuwa wakifanya hisani tupu. Walikuwa na wasiwasi kwamba Wameru hawazaliani vya kutosha, na hospitali ya uzazi ilikuwa sehemu ya dawa yao.

Kwa hiyo mkunga yule wa kwanza aliyevaa sare aliingia kijijini akiwa mjumbe wa sera ya watu wengine. Hilo halipaswi kufichwa. Lakini pia alikuwa mwanamke kijana mwenye cheti na mshahara wake, aliyejua kusoma daftari la hospitali na kuzungumza na mama kwa Kimeru. Hakuna mtu mwingine wilayani aliyeziona pande zote mbili kwa ukaribu ule.

Mwaka 1949 ilitungwa sheria ya kuwasajili wauguzi na wakunga, na Baraza la Wauguzi likazaliwa. Kisha Uhuru ukaja, na mwaka 1965 serikali ya Kenyatta ikafuta ada ya shilingi 5 iliyotozwa wagonjwa wa nje. Mwaka 1970 huduma za afya vijijini ziliondolewa mikononi mwa halmashauri za wilaya na kuwekwa chini ya wizara. Matibabu bure, basi, na wagonjwa wakamiminika. Madaktari walikuwa wachache na walikaa mijini. Nani angewahudumia wagonjwa hawa?

Hapa ndipo anapoingia Eunice Muringo Kiereini. Mwaka 1968 alikuwa Mkenya wa kwanza kushika cheo cha Afisa Mkuu wa Uuguzi. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianza kutoa stashahada ya juu ya uuguzi. Cheo cha Kiereini hakina mvuto kwa wanahabari. Mwenye kukishika hufuatilia mitaala, madaraja, shule za uuguzi na nani apelekwe wapi. Lakini kwa maoni yangu sera ya afya ya Kenya ilijengwa zaidi katika mafaili hayo kuliko katika hotuba za mawaziri. Katika miaka hiyo ndipo lilipoundwa daraja la muuguzi wa afya ya jamii: mtu mmoja anayefundishwa uuguzi wa jumla, ukunga na afya ya jamii kwa pamoja, ili aweze kuendesha zahanati bila daktari. Anayeingia zahanati ya kijijini Buuri, eneo ilipo Timau, leo na kukuta mtu yuleyule anampima mjamzito, anatoa chanjo na anatibu nimonia anaona tunda la uamuzi huo.

Mwaka 1978 mataifa yalipokutana Alma-Ata na kutangaza kwamba huduma ya msingi ndiyo njia ya kufikia afya kwa wote, Kenya ilikuwa tayari na watu wa kuifanya. Miaka mitatu baadaye Kiereini alichaguliwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, chombo kilichoanzishwa mwaka 1899, akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Alikaa hadi 1985. Watoto wetu wanafundishwa habari za Florence Nightingale na taa yake, na ni haki, kwani mwanamke yule alikuwa bingwa wa takwimu aliyewabana majenerali wa Uingereza. Bado sijakutana na mtoto wa shule Meru anayemjua Muringo Kiereini.

Mwaka aliomaliza muhula wake, Chogoria ilitoa matokeo yaliyowashtua wataalamu wa idadi ya watu. Hospitali ile, ikiongozwa wakati huo na Dkt. Geoffrey Irvine, mwana wa mwanzilishi, ilikuwa imesambaza kliniki ndogo vijijini, zikiendeshwa na wauguzi na kusaidiwa na wahudumu wa kujitolea waliobisha hodi nyumba kwa nyumba. Uchunguzi wa 1985 ulikuta asilimia 43 ya wanawake walioolewa katika eneo lake wanatumia njia za kupanga uzazi. Kwa taifa zima, mwaka uliotangulia, ilikuwa asilimia 17. Mwanamke wa Chogoria alikadiriwa kuzaa wastani wa watoto 5.2, wakati Mkenya wa kawaida alikadiriwa kuzaa 7.7. Nusu karne baada ya hofu ya wakoloni kwamba Wameru hawazai, hofu ilikuwa imegeuka kuwa wanazaa mno, na aliyeitwa kuitatua alikuwa muuguzi tena. Tofauti ni kwamba safari hii mama alikuja kliniki mwenyewe kuomba, na kilichofanya kazi kilikuwa kile ambacho wauguzi walikijua tangu zamani: mama harudi kwa mtu anayemfokea, na hasafiri nusu siku kufuata vidonge.

Sheria ya Wauguzi ya 1983 ililipa Baraza la Wauguzi meno zaidi, na kumruhusu muuguzi mwenye leseni kufungua kliniki yake. Halafu fedha zikaisha. Desemba 1989, chini ya shinikizo la wakopeshaji, serikali ilirudisha ada hospitalini na katika vituo vya afya. Wagonjwa wakapungua ghafla, na mwaka 1990 ada ikasitishwa, kisha ikarejea kwa sura nyingine. Katika miaka ile ya UKIMWI na ajira zilizogandishwa, muuguzi akawa karani wa fedha bila kuajiriwa kazi hiyo.

Hapo tunarudi kwenye sarafu za 2004. Uasi ule wa kimya ulizaa kitu. Mkoani Pwani, kuanzia 2005, kwa msaada wa Denmark, palijaribiwa mpango wa kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti ya benki ya zahanati, zisimamiwe na kamati ya wanakijiji ambayo muuguzi mkuu wa kituo ndiye katibu wake. Mwaka 2010 mpango huo ukaanza kuenezwa nchi nzima. Fedha hazikuwa nyingi. Lakini kwa mara ya kwanza muuguzi wa kijijini aliweza kukaa na wazee na akina mama wa eneo lake wakaamua: mwezi huu tunakarabati choo, mwezi ujao tunamlipa msafishaji.

Kando ya hayo, mwaka 2005 Baraza la Wauguzi, likiongozwa na msajili wake Elizabeth Oywer, lilishirikiana na shirika la afya la AMREF kuanzisha masomo kwa njia ya kompyuta kwa wauguzi wa cheti wapatao 22,000 ili wapande hadi stashahada bila kuacha kazi. Ni jambo dogo kwa kulisikia. Kwa aliyewaona watu wazima wenye watoto sekondari wakitoka zamu ya usiku na kukaa mbele ya kompyuta moja ya hospitali, haliwi dogo.

Chama cha Kitaifa cha Wauguzi kilikuwapo tangu miaka ya 1960, lakini hakikuwa chama cha wafanyakazi. Machi 2012 wahudumu wa afya walipogoma, serikali ilitangaza kuwafuta 25,000 kwa mpigo, kisha ikawarudisha kabla mwezi haujaisha, maana hakukuwa na wa kuziba nafasi zao. Mwaka uliofuata, baada ya kesi mahakamani, Muungano wa Kitaifa wa Wauguzi ulipata usajili, Seth Panyako akiwa katibu mkuu.

Mwaka huo wa 2013 ulileta mambo mengine mawili kwa pamoja. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kujifungua bure, na ada za zahanati na vituo vya afya zikafutwa. Wakati huohuo afya ilihamishiwa kwa kaunti. Muuguzi wa Timau aliyeajiriwa na Nairobi akajikuta mfanyakazi wa Meru, mshahara ukisubiri kaunti nayo isubiri Hazina. Na zile fedha za akaunti ya zahanati? Katika kaunti nyingi zilivutwa hadi mfuko mkuu wa kaunti. Kamati za vijiji zikabaki na mihuri bila pesa.

Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulianza Juni 5 ukaisha Novemba 2. Miezi mitano. Madai yalikuwa marupurupu na mkataba wa pamoja ambao magavana walikataa kuutia saini. Wagonjwa waliumia, na wasio na pesa za hospitali ya binafsi waliumia zaidi. Siwezi kuusifu mgomo ule. Lakini naona pia kwamba magavana walikuwa wamepewa wizara nzima ya afya bila kuulizwa kama wanajua inavyoendeshwa, na wauguzi walikuwa wamepewa magavana kwa namna hiyohiyo.

Desemba 2018 majaribio ya afya kwa wote yalizinduliwa katika kaunti nne, mojawapo Isiolo. Kutoka Timau unaiona nchi ya Isiolo ikitandazika bondeni. Waliojiandikisha kule waliahidiwa matibabu bila malipo, na waliokuwa upande huu wa mpaka hawakuwemo.

Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya. Iliyozungumzwa sana ni ya bima. Mimi naitazama ile ya fedha za vituo, inayosema mapato ya kituo yabaki kituoni na yasimamiwe hapohapo. Ndilo wazo lililojaribiwa Pwani 2005, na ndilo wauguzi walilolililia tangu fedha zilipovutwa 2013. Safari hii limeandikwa katika sheria ya nchi, na kaunti ndizo zinazopaswa kulitekeleza. Anayeshika daftari, anayejua kama fedha zimefika au zimeishia makao makuu, ni katibu wa kamati, yaani muuguzi mkuu wa kituo. Naye ni mwajiriwa wa kaunti hiyohiyo, na barua ya kumhamishia kituo kingine haihitaji kupita bungeni.